Jogoo Niliyemkataa na Gari Uliloliunda

Nyamizi mwanangu,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, kwa sababu asubuhi najua itakuwa vurugu: wewe na mabegi, mama yako na maandazi yake ya kukufungashia, bajaji inapiga honi nje, na ile shikamoo yako itamezwa na kelele. Basi itikio lako lipokee humu mapema, usije ukadhani nimekununia.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kuchagua nyumba yenye majirani wenye heshima, mama yako amezimaliza. Tangu kuswali isha hajanyamaza, na hata sasa namsikia anakukumbusha kitu kuhusu mafuta ya nazi. Mimi siyarudii. Nina neno moja tu, na si neno jepesi kwa mzee kumwambia binti yake. Nakuonea wivu. Sisemi kwa mzaha. Ni wivu wenyewe, ule unaomfanya mtu aangalie pembeni mwenzake akisifiwa. Naionea wivu mikono yako, nalionea wivu lile gari lililofunikwa turubai nyuma ya nyumba, na naionea wivu barabara ya Ujiji, ndiyo hiyo ya Kigoma, kwa sababu ipo siku itakupitisha wewe. Na wivu huo ndio unaokufanya kesho upande treni kwenda Kigoma kuanza kazi, badala ya kuondoka hapa Kanyenye ukiendesha gari uliloliunda kwa mikono yako.

Sehemu ya habari hii unaijua. Lakini ya mwanzo umeyasikia kwa watu wa Itetemia, na wale ni Wagogo, watani zetu. Mgogo hawezi kumsimulia Mnyamwezi bila kutia chumvi. Acha uyapate kwangu.

Mzee Ndahani alitoka kwao Ugogo akiwa kijana, akaja kulima tumbaku Itetemia, akaoa, akazeeka huko huko. Alikuwa na Landrova. Wakati huo mimi nilikuwa tayari fundi wa kutengeneza cherehani hapa Kanyenye, na alikuwa akiniletea cherehani ya mkewe, akifika anasimama mlangoni, hasalimii.

"Mnyamwezi," ananiita. "Ile mizigo ya watu babu yako aliyobeba, ameifikisha wapi?"

"Angeifikisha zamani," namjibu, "kama nyinyi Wagogo msingemtoza hongo ya maji njia nzima."

Hapo ndipo tunapeana mikono. Tuliishi hivyo miaka mingi, na sikumbuki siku tuliyozungumza kama watu wazima. Alijua kwamba babu wa baba yangu alikuwa mpagazi, kwamba alikwenda pwani na akaenda Ujiji kwa miguu, na alijua pia kwamba mimi kitukuu wake sijawahi kuvuka Urambo. Alinicheka sana kwa hilo. Kisha siku moja, akiwa ameketi ndani ya gari na mguu mmoja nje, akaniambia, "Subiri mavuno, Idi. Nitakupakia mpaka Ujiji ukaone babu zako walikobwaga mizigo." Mavuno yakaja, Landrova ikafa injini. Mwaka uliofuata akafa mwenyewe. Wewe ulikuwa bado unanyonya.

Msibani unajua kazi ya mtani. Wafiwa wanalia, yeye anafanya vituko ili wapate kupumua. Anachukua kitu cha marehemu, anagoma kukirudisha, wenye msiba wanakikomboa kwa kitu kidogo, kuku au kitambaa, anapokea, watu wanacheka, mambo yamekwisha. Mimi nilivaa koti la Ndahani na kofia yake. Landrova ilikuwa imebaki chesisi tupu zizini, bodi alishaiuza kipande kipande, na mbuzi walikuwa wakiipanda. Nikawafukuza mbuzi, nikakaa pale dereva anapokaa, nikashika kifuniko cha sufuria kama stelingi.

"Hazikwi mtu hapa!" nikapiga kelele. "Huyu Mgogo aliniahidi Ujiji, sasa anatoroka. Siondoki bila usafiri wangu!"

Mama Yohana, mjane wake, alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Akainua uso, akaniangalia nilivyokaa na koti la mumewe.

"Mwacheni," akasema. "Mwacheni akae hapo hapo na mbuzi wenziwe."

Watu wakaangua kicheko. Yeye mwenyewe akacheka, kisha kile kicheko kikageuka kilio, akalia vizuri mwishowe, wanawake wakamshika. Nakuambia, ile ilikuwa kazi nzuri kuliko cherehani yoyote niliyowahi kutengeneza. Kama ningeishia pale, leo ningekuwa mtu mwingine.

Tuliporudi kutoka makaburini Yohana, mwanawe mkubwa, akaja na jogoo mwekundu. Akasimama mbele ya zizi. "Haya mtani, tunakomboa chuma chetu. Mpokee jogoo, ushuke."

Nilitakiwa kushuka. Kila mtu pale alijua natakiwa kushuka, hata watoto. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kile chuma muda mrefu, mwanangu, na nilipokuwa nimekaa nilianza kuliona gari. Niliona boneti pale ambapo hapakuwa na boneti. Nikasema, "Jogoo ana magurudumu mangapi?" Watu wakacheka. Yohana naye akacheka, akaninyooshea jogoo tena. Nikamkataa tena. Aliponinyooshea mara nyingine nikasema, "Mimi nataka gari," na safari hiyo hakucheka mtu.

Hakuna aliyenizuia. Msibani huwezi kumkatalia mtani. Nikaazima mkokoteni wa ng'ombe, nikaisomba chesisi ya watu waliotoka kuzika, nikaja nayo mjini. Hakuna karatasi iliyoandikwa, hakuna kadi iliyotolewa, kwa sababu utani hauna karatasi. Nilikuwa nimegeuza utani kuwa uchu, na Itetemia sikukanyaga tena. Cherehani ya Mama Yohana sijui ilitengenezwa na nani tangu hapo.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Chesisi niliipandisha juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa stelingi. Cha pili honi. Cha tatu kioo cha pembeni, kile chenye ukingo wa kung'aa, ambacho mama yako alikitumia kujipaka wanja. Nilinunua kila kitu ambacho mtu anaweza kukigusa akiwa amekaa, na sikununua hata kimoja cha kulisogeza gari. Majirani wakanipa jina la Dereva. "Dereva, leo umefika wapi?" Nilicheka nao, lakini moyoni nilipenda kuitwa hivyo.

Na nilikuwa na abiria mmoja. Ulikuwa ukitoka madrasa unakuja kukaa kwenye ubao niliouweka kushoto kwangu, na mimi naendesha. Naita vituo: Urambo, Kaliua, Uvinza. Nakuonyesha mto, nakuambia fumba mdomo tunapita vumbi, nawe unafumba. Siku moja ukaniuliza, "Baba, mbona hatusogei?" Nikakuambia lala, ukiamka tutakuwa tumefika. Ukalala kweli kwenye paja langu. Ulipoamka uliangalia huku na huku, ukaona banda la kuku la jirani, kisha ukaniangalia mimi. Nadhani siku ile ndiyo uliyoamua kuwa fundi, ingawa ulikuwa hujui.

Ukaenda chuo, ukajifunza kuchomelea na mambo ya injini, ukaajiriwa kwa fundi Kulwa kule Ipuli. Nilijivuna, usidhani sikujivuna. Niliwaambia watu dukani kwamba mkono ule kautoa kwangu. Kisha siku moja nikapita Ipuli bila kukuaga, nikasimama ng'ambo ya barabara. Mwenye gari alikuwa amemfuata Kulwa na shida yake, na Kulwa, mtu mwenye mvi, akamwambia, "Mimi hapo sipawezi. Subiri fundi atoke chini ya gari." Ukatoka wewe, na grisi mpaka nyusi. Yule mtu akakuita fundi. Mimi ni fundi tangu kabla hujazaliwa, Nyamizi, lakini ni fundi wa kitu kinachowekwa mezani. Nilirudi nyumbani bila kukusalimu. Ulipofika jioni nikakuuliza mbona umechelewa.

Ndipo ukaja na lile swali. Nilikuwa nakunywa uji.

"Baba, ile chesisi ina mpango?"

"Inao."

"Mpango gani?"

Nikanywa uji. Ukasubiri mpaka bakuli likaisha. Ukalichukua hilo kuwa ruhusa, na ulifanya vizuri, maana ruhusa yenyewe ungeisubiri mpaka leo.

Sikujua kwamba gari linaweza kuundwa na mtu asiye na kitu. Mimi siku zote nilisingizia umaskini. Wewe ulikata pale kutu ilipokula, ukachomelea chuma ulichokitoa kwenye trela la tumbaku lililokwisha kazi. Injini ukaipata kwenye Hiace iliyopinduka, ukaikokota nyumbani mkiwa watatu. Kila Jumapili ulichomelea mageti ya watu, na malipo yako hukuchukua fedha, ulichukua vitu: difu kwa huyu, rejeta kwa yule, mlango mmoja wa kijani na mwingine mweupe. Nikaona umeanza kuhangaika na breki kabla hata gari halijawa na sura.

"Kwa nini huanzi na bodi," nikakuuliza, "watu waone kwamba ni gari?"

"Baba, likishindwa kusimama ndiyo wataliona vizuri zaidi."

Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilinuna siku mbili. Nikikumbuka stelingi yangu na kioo changu cha pembeni, nilijua umenijibu maisha yangu yote bila kukusudia.

Halafu ukaniambia viti ni vyangu, nivishone mimi kwa cherehani yangu. Ulitaka niwe na sehemu yangu. Mimi nikaona nimepewa kazi ya mtoto, ya kumtuliza asilie. Nilivishona. Na kile cha dereva nilikishona kwa kipimo cha mgongo wangu. Nilijipima mwenyewe, nikajaza sifongo mahali ninapotaka mimi, na wewe ulipokikalia miguu haikufika vizuri kwenye klachi. Ulinitazama kidogo tu. Siku ya pili ukaleta mto kutoka sebuleni, ukauweka mgongoni, ukaendelea na kazi. Nilisubiri unilalamikie, nikakosa.

Injini ilipowaka mara ya kwanza majirani wote walikuwa uani. Wanawake walipiga vigelegele, Kulwa alikukumbatia hadharani, na mtu mmoja, nilimsikia vizuri, akasema, "Gari la Nyamizi limeamka." Sio gari la Idi. Sio gari la Dereva. Nikachukua kofia yangu nikaenda msikitini, na hakikuwa kipindi cha sala yoyote. Nilikaa huko peke yangu na muadhini akiniuliza kama naumwa.

Sasa tuje kwenye kadi ya gari. Ulipolipeleka gari likaandikishwe, yule ofisa aliuliza swali ambalo mimi nilikuwa nikilikimbia tangu siku ya msiba. Nilikuwepo, unakumbuka, nimevaa kanzu.

"Mzee, chesisi hii mliipataje?"

"Kwa utani."

Akaweka kalamu chini. Akanitazama, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Mzee, utani hata mimi naujua. Lakini hapa sina pa kuuandika. Leteni familia ya mwenyewe, waape mbele ya wakili kwamba waliitoa."

Njiani ukaniambia, "Baba, twende Itetemia." Nikasema magoti yananiuma. Magoti yalikuwa mazima. Ningemwangaliaje Mama Yohana? Ukachukua baiskeli ukaenda peke yako, na nilishinda siku ile nikikaza skrubu ambazo zilikuwa zimekazwa.

Uliporudi ulitusimulia huku unakula, na furaha yako ilikuwa inanichoma. Kwamba Mama Yohana amezeeka lakini ulimi haujazeeka. Kwamba alikuuliza wewe ni wa nani, ukamwambia, akapiga makofi, akamwita Yohana, "Njoo umwone mtoto wa yule wa mbuzi!" Kwamba ulipowaomba waape kwamba walimpa baba yako chesisi, akakataa.

"Hatukumpa," alikuambia. "Tulimletea jogoo akamkataa. Sisi tunamsubiri mpaka leo aje ampokee jogoo wetu. Huo utani haujafungwa."

Na wewe, binti yangu, ukasema, "Basi mleteni. Nimekuja kumpokea."

Najua ulifanya jambo la busara. Kila niliyemweleza amesema hivyo, na nilieleza watu wengi nikitafuta mmoja wa kunambia vingine. Yohana akakamata jogoo, akakukabidhi mbele ya mama yake na majirani, wakacheka, mkamchinja mkamla. Utani ukafungwa. Lakini hesabu ya mila ni hii: mtani akishapokea ukombozi, kitu kinarudi kwa wenyewe. Ulipompokea yule jogoo, chesisi ilirudi Itetemia. Ikawa si yangu tena, ikiwa iliwahi kuwa yangu. Na hapo hapo, kabla hujanawa mikono, Mama Yohana akasema, "Sasa chuma ni chetu, na sisi tunampa huyu mtoto."

Ulinifungia paja la yule jogoo kwenye jani la mgomba. Nilimpa paka.

Wakaja mjini, wakaapa kwa wakili. Hati ikaandikwa kwamba familia ya marehemu imempa chesisi Nyamizi binti Idi. Mimi jina langu lilikuwa chini kabisa, kwa kuwa chuma kimekaa uani kwangu miaka yote, na neno lililotakiwa nilitilie sahihi lilikuwa hili: sina dai. Nililisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote. Sina dai! Mimi niliyekivusha kile chuma kwa mkokoteni, niliyekipaka mafuta kila sikukuu ya Idi, niliyetukanwa kwa ajili yake. Nikakuambia macho yananisumbua, nitasaini kesho. Kesho yake nikasema hati ina kosa. Baadaye nikasema si desturi mtoto kumpokelea baba yake jogoo, lazima wazee wakae. Wazee gani, sikusema.

Mama yako ndiye aliyenipasulia. "Wewe Idi," akaniambia, na mikono imejaa unga, "una wivu kama bi mkubwa aliyeletewa mwenzie."

"Sina wivu. Ninalinda mila."

"Mila ilikuletea jogoo, ukamkataa."

Kama kuna kitu ninachoweza kukuachia katika barua hii, Nyamizi, ni hicho. Wivu haukuniharibia kwa kuwepo. Kila mtu anao, na siku moja utamzaa mtoto atakayekushinda, nawe utauona unakaa pembeni yako mezani. Kilichoniharibia ni kwamba sikuuita kwa jina lake. Niliuita macho, nikauita magoti, nikauita mila. Mtu akiuita wivu wake mila, hata wanaompenda wanashindwa kumsaidia, kwa sababu nani anabishana na mila? Ningesema siku ile kwenye uji, "Mwanangu, naumia kwamba utaweza nisichokiweza," ungenikalisha kando yako, ningeshika taa wewe ukichomelea. Ningekuwa nimelijenga nawe.

Ukaacha kuniomba. Ajira ya Kigoma ikakubana, ukakata tiketi ya treni, ukalifunika gari turubai ukaifunga kamba kwa uangalifu, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Hukunilaumu. Ungenilaumu ningepata cha kujibu.

Na sasa nakuambia la jana, ambalo hulijui. Nilimwomba mama yako aniache nikuambie mwenyewe.

Jana ulikwenda Ipuli kuwaaga kina Kulwa. Mimi nikaenda uani, nikafungua kamba za turubai, nikaingia kwenye gari lako, nikakaa kwenye kiti nilichojishonea. Nilikuwa na ufunguo. Wako ulikuwa nao mkobani, lakini wiki iliyopita, ulipouacha mezani ukaenda kuoga, niliuchukua nikaenda kuchongesha mwingine pale jirani kwa mtengeneza kufuli, nikaurudisha mezani kabla hujamaliza kuoga. Nilikuwa na mpango, mwanangu. Mara hii nilikuwa nao kweli. Treni yako ikishaondoka, ningengoja kupambazuke siku ya pili, niondoke. Bila kadi, bila namba, na leseni yangu ya zamani ambayo picha yake imefutika. Urambo, Kaliua, Uvinza, Ujiji. Ningekukuta huko. Nilitaka siku ukiniona, unione natoka kwenye gari lile upande wa kulia, na uwe wewe unayesimama vumbini kutazama.

Nikawasha. Liliwaka mara moja, halikunibishia. Nilihisi mtetemo mpaka kwenye meno.

Mama yako alikuwa ndani anafua. Alitoka mbio, mapovu mpaka viwikoni, akilia kwa furaha. "Nyamizi! Baba yako amekubali! Alhamdulillahi, amekubali!" Akapita mbele ya gari bila hata kuangalia, akakimbilia geti kulifungua upate kutoka, akidhani umerudi na ni wewe uliyewasha. Alilifungua lote, pande mbili. Kisha akageuka, akaniona mimi nyuma ya stelingi.

"Kumbe wewe," akasema.

Alifunga geti upande mmoja, akafunga upande wa pili, akarudi kwenye nguo zake. Mimi nilizima injini nikakaa pale. Nimetukanwa na Wagogo, nimechekwa na mtaa mzima, nimeitwa Dereva na watoto wa jana, na hakuna neno lililowahi kunipiga kama hilo. Nimeishi na mwanamke huyu tangu ujana wetu, sijamwona akinitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Leo asubuhi nilikwenda kwa wakili. Nilisoma tena yale maneno, na yalikuwa bado yananiuma. Kwamba nimesaini sio kwamba nimepona. Nilitia sahihi yangu taratibu, herufi kwa herufi, wakili akapiga mhuri, akaniuliza kama najisikia vizuri. Nikamwambia hapana. Hati nimeiweka kwenye bahasha hii. Ukishafika Kigoma ukatulia, piga simu kwa yule ofisa, mengine yatakwenda, ukaguzi na namba na kadi. Kisha chukua likizo, uje ulichukue gari lako.

Humo humo kwenye bahasha umeukuta ufunguo. Ndio huo niliouchongesha. Sasa unazo zote mbili, na usimwachie mtu hapa hata mmoja, hata nikikupigia kusema betri itakufa lazima liwashwe, hata nikimtumia mama yako. Betri ichomoe kabla hujaondoka asubuhi, mpe Kulwa akutunzie. Nitakaa na gari lile uani wiki hizo zote, limefunikwa, limekamilika, linaweza kufika Ujiji, na mimi najua linaweza. Sijiamini, Nyamizi. Usiniamini na wewe.

Sitakuombea uwe kama mimi, na wala sitakuambia usiwe kama mimi, maana hilo ulishalifanya bila kusubiri dua yangu. Nakuombea Mungu akulinde na akufikishe. Watu wa kule wakikuita fundi, itika.

Na siku utakapokuja kulichukua, utasimama getini, injini inaunguruma, utaniuliza kama nataka kupanda. Nitasema sitaki. Nitasema nina cherehani ya mtu inanisubiri, nitasema magoti.

Usinisikilize. Nifungulie mlango wa kushoto.

Baba yako,
Idi